Kilio Tulichokatazwa

Ufunguo wa stoo ya maigizo upo kwa Mwalimu Tumaini, na vitu vilivyomo nimevihesabu mara mbili mbele yake: mapanga ya mbao, ndevu za katani, kofia ya jaji, taji la bati na shuka moja jeupe lenye kazi nyingi. Mkikuta upungufu, muulizeni yeye. Mimi nimestaafu.

Mlipokuja kuniaga mliniomba niwaandikie namna nilivyofundisha maigizo, ili nyinyi vijana mnaopokea chama msianzie sifuri. Nilikusudia ukurasa mmoja. Umekuwa zaidi, kwa sababu kazi hii haielezeki bila kuwataja watu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua.

Nilizaliwa Kasumulu, ambako mama yangu aliuza vitenge na sabuni pande zote mbili za mto Songwe, kwa ndugu wa huku na ndugu wa Malawi, na wote aliwauzia kwa bei ileile. Nilijua kupatana bei kabla sijajua kusoma, na sijaona somo lililonifaa zaidi darasani. Mwanafunzi wa kidato cha pili ni mfanyabiashara. Anaanza na bei ya juu, anajifanya anaondoka, na ukimwacha afike mlangoni anarudi mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza hapa nilipewa kidato cha tatu na tamthilia ya kusoma. Nikawaambia wasimame waiigize. Wakasimama mstari mmoja, mikono ubavuni, kama wanasubiri kukaguliwa kucha, wakaanza kusema maneno ya wahusika wote kwa pamoja. Hata palipoandikwa kwamba mhusika anatoka kwa hasira, wakasoma, "Anatoka kwa hasira," na hakuna aliyetoka.

Nikamchagua kijana mmoja mrefu amtukane mwenzake mfupi, kama kitabu kilivyotaka.

"Siwezi, mwalimu."

"Ni mchezo tu. Mtukane."

"Huyu ni mjomba wangu."

Mjomba mwenyewe alikuwa mtoto wa darasa hilohilo, kaptula imemzidi. Darasa zima likanitazama kama mtu anayetaka kuleta mkosi. Mwalimu Ezekia, aliyefundisha jiografia na kuendesha chama cha maigizo kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka, alikuwa anapita dirishani. Akaingiza kichwa.

"Badilisha," akasema. "Mjomba amtukane mpwa. Hilo hata nyumbani lipo."

Nikabadilisha. Matusi yakatoka mpaka nikalazimika kuyapunguza. Tangu hapo, kabla sijagawa nafasi, nauliza kwanza nani ni nani wa nani. Nanyi ulizeni. Ulizeni mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watawatajia ndugu wa karibu tu, na hapa kwetu ndugu hawaishii karibu.

Mwalimu Ezekia ndiye aliyenifunza kazi. Kipimo chake cha sauti kilikuwa mpishi wa shule, Mama Tabu, jikoni upande wa pili wa uwanja. Mwanafunzi anasema maneno yake. Mama Tabu akiyasikia anainua mwiko, asipoyasikia anaendelea kusonga ugali. Nimewahi kuhudhuria semina za kutumia sauti zilizokuwa na chai na vitafunwa, na hakuna kipimo kilichoushinda ule mwiko. Alinifunza pia kuhusu mvua. Ikilipiga bati la bwalo, hakuna mwigizaji wa kushindana nalo. Msijaribu. Waigizaji wagande walivyo, mikono hewani, mpaka mvua ipungue, kisha waendelee. Wageni kutoka mjini hudhani ni ufundi, wakapiga makofi. Waacheni wapige.

Vifaa msinunue vipya. Tulipohitaji chungu cha kuvunja jukwaani nilikwenda gulioni Lyulilo, kule ziwani vyungu vinakoshuka kwenye mitumbwi, nikachagua chenye ufa.

"Hiki kina ufa, mama. Nipunguzie."

"Unakwenda kupikia nini?"

"Sipikii. Wanafunzi watakivunja kwenye mchezo."

"Kumbe!" Akakichukua, akakigonga kwa kucha, akanirudishia. "Basi kwa kuvunjwa hicho ni kizima. Tena kitavunjika vizuri."

Bei haikushuka. Kilivunjika vizuri.

Sasa nifike kwa Atupele, maana kila mmoja wenu ananiuliza habari zake, na nusu ya mnayoyajua si kweli.

Atupele alikuwa binti mwembamba, mkimya darasani, ambaye ukimpa nafasi jukwaani anakuwa mtu mwingine. Alipofika kidato cha pili akaanza kukosekana kila Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo mama yake alivusha mzigo Kasumulu na alihitaji mtu wa kukaa na bidhaa upande huu. Mazoezi yetu yalikuwa Jumatano na Ijumaa, na siku hizo Atupele hakukosa hata moja. Mwalimu mwingine angeita kikao. Mimi nilihamisha mazoezi, yakawa Jumatatu na Alhamisi.

Haukupita muda mama yake akaja shuleni, khanga ya pili imekazwa kiunoni. Tukasalimiana kwa Kinyakyusa, "Ugonile," kwa upole wa watu wanaojua salamu ikiisha ni vita.

"Mwalimu Sekela, umeniibia msaidizi."

"Nimemwazima tu, mama. Yuko hapahapa."

"Jumatatu ndiyo mzigo, na Jumatatu ndiyo umeweka michezo yako. Unadhani ni wewe peke yako uliyekulia mpakani?"

"Wewe ungefanyaje?"

Akafikiri kidogo. "Ningefanya hivyohivyo," akasema, na hapo nikajua tutaelewana.

Yeye alitaka arudishiwe Jumatatu. Mimi nilitaka wiki nzima mpaka mtihani wa kidato cha nne. Akanyanyuka akaondoka, nikamwacha. Akafika kwenye mlingoti wa bendera akarudi.

"Sikia. Huyu haji kwa ajili ya fizikia, mimi na wewe tunajua. Anakuja kwa ajili ya michezo. Basi aje, maadamu michezo ipo. Siku ikifungwa nakuja kumchukua siku hiyohiyo, na usiniletee maneno."

"Mpaka kidato cha nne."

"Michezo ikiwepo."

Tukashikana mikono. Kwa hiyo, tangu siku ile, yeyote aliyetaka kufunga chama cha maigizo alikuwa anamtoa Atupele shuleni bila kujua.

Na mtu huyo alikuwepo. Mkuu wa shule wa wakati ule alitoka mkoa wa mbali, mwalimu wa kemia, mtu mwema asiye na makelele, aliyeamini kwamba saa isiyo ya maabara ni saa iliyopotea. Hakutuchukia. Alitutazama tu jinsi mtu anavyotazama kiti kilichokaa mahali anapotaka kuweka kabati.

Atupele akiwa kidato cha tatu, wanafunzi walitunga mchezo wao wenyewe kwa ajili ya siku ya wazazi: baba anafariki, wanawe wawili wanagombea shamba la kakao. Ulianza na msiba. Atupele alikuwa mjane. Lusajo, kijana mchangamfu kupita kiasi, nilimpa nafasi ya marehemu ili nimwone ametulia chini ya shuka angalau mara moja. Tukafanyia mazoezi uwanjani, alasiri, wakati wa mavuno ya mpunga. Wanafunzi walikuwa wanalia kama watu wenye mafua, nikawaambia, "Lieni kama kwenu."

Walinitii. Atupele alianzisha, wenzake wakapokea, na kilio kikatoka pale uwanjani kikavuka uzio. Mama Tabu hakuinua mwiko, aliuangusha. Nikiwa nimesimama nafurahia kazi yangu, nikasikia kundi jingine limepokea upande wa barabarani, na mwanzoni nikadhani kidato cha nne wametuunga mkono bila kuombwa.

Mnajua kwetu kilio kikisikika hakuna anayeuliza ni cha nani. Unaacha ulichoshika, unakwenda, utauliza ukifika. Akina mama walikuwa wametoka moja kwa moja mashambani, matope mpaka magotini, mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mwingine na mkungu wa ndizi, wote wanalia. Mbele yao alikuwa Mama Lugano, mwenyekiti wa kikundi chao cha kuzikana, mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa msiba wowote hapa kwetu Bujonde. Akampita kila mtu, akafika kwenye shuka, akapiga magoti.

"Ni nani? Jamani, ni mtoto wa nani?"

Lusajo alilelewa vizuri. Mtu mzima akikupigia magoti, huwezi kubaki umelala. Akajifunua, akakaa.

"Shikamooni," akasema.

Kuni zilianguka. Ndizi zilianguka. Mama mmoja nilikuja kumwona tena baada ya wiki. Mama Lugano peke yake hakukimbia. Alinyanyuka taratibu, akajipangusa magoti, akanitafuta kwa macho.

"Mwalimu Sekela. Maiti iko wapi?"

"Hakuna, mama. Ni maigizo."

"Maigizo." Akawageukia wenzake waliokuwa wanarudi kidogokidogo. "Tumeacha mpunga, tumeacha watoto. Maigizo!" Kisha akanisogelea, na sauti ikashuka, hapo ndipo nilipoanza kuogopa. "Leo tumekuja. Wiki ijayo tukisikia kilio hapa tutasema, aa, ni wale wa michezo. Je, siku mtoto akifa kweli hapa shuleni, nani atakuja?"

Akawaita wenzake kwa mkono.

Wakaenda moja kwa moja ofisini. Mkuu wa shule aliwasikiliza wote, wakiongea kwa zamu na bila zamu, kisha akaniita. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, nikisikia kilio kimoja tena katika shule hii, cha mchezo, maigizo yamefungwa. Saa zile zitakwenda maabara."

Habari ilifika Kasumulu kabla ya jua kuzama. Mama Atupele alinipigia simu. "Nimesikia," akasema. "Siku ya wazazi nitakuwepo. Nitakaa karibu na mlango." Akakata.

Kesho yake Atupele alinikuta stoo. "Mwalimu, tuondoe msiba. Tuanze na ugomvi wa shamba."

"Ukiondoa msiba, wanagombania nini? Hakuna aliyekufa."

"Basi mimi niondoke kwenye mchezo, alie mtu mwingine."

"Akilia mtu mwingine si kilio?"

Aliijua hesabu ile vizuri kuliko mimi. Aliyekuwa anawekwa mezani ni yeye.

Nikaenda kwa Mama Lugano. Nilimkuta uani anageuza kakao kwenye mikeka, nikainama nikageuza naye, maana huwezi kupatana na mtu huku umesimama na yeye ameinama.

"Mama, tupunguze. Badala ya wote, alie mmoja."

"Hata mmoja."

"Alie kwa sauti ya chini."

"Hicho ndicho kibaya zaidi. Kilio cha chini ni cha watu waliokwisha kulia mpaka wamechoka. Tutakuja tukikimbia."

"Tuimbe, basi, badala ya kulia."

"Mwimbe mnafurahia nini?"

Tukamaliza mkeka wa kwanza. Kwenye wa pili nikatoa nilichokuwa nimekibakiza mfukoni, bila kukiamini sana.

"Wakilia bila sauti?"

Akaacha kugeuza. "Bila sauti namna gani?"

"Midomo wazi, mikono kichwani, kila kitu. Sauti hakuna."

Alinitazama kama mtu anayetafuta ufa ulipo. "Bila sauti si kilio," akasema mwisho. "Hilo fanyeni. Ila nikisikia hata mguno!"

Nikarudi nyumbani nikijiona nimeuziwa gunia tupu. Nilikwenda kutafuta kilio nikarudi na midomo wazi.

Walimu wenzangu, kumfundisha mtu kulia bila sauti ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Mara ya kwanza walionekana kama samaki waliotolewa majini, na marehemu akacheka mpaka shuka likaanguka. Nikawakataza kufungua midomo kabisa. Nikawaambia waanze na pumzi: ivute kama unataka kumwita mtu aliye mbali, halafu usimwite. Baki nayo. Mwili wenyewe utatafuta pa kuipeleka. Utaona mabega, utaona vidole. Mdomo uje mwisho. Mama Tabu nikamgeuzia kazi: akisikia chochote, ainue mwiko, na safari hii mwiko juu ni kosa. Mwanzoni mwiko ulikuwa juu muda wote. Kisha ukashuka, ukabaki chini.

Atupele hakutaka maelekezo. Alisimama pembeni akitazama wenzake, kisha akaja na kitu chake. Mjane hakujitupa chini. Alikuwa anapepeta mpunga, kwa sababu wageni watakuja na lazima wale. Anapepeta, anasimama, pumzi inapanda, mdomo unafunguka, na mkono wake mwenyewe unakuja kuufunga. Anarudi kupepeta. Sikumwongezea neno. Ukiona bidhaa nzuri, usiishikeshike.

Siku ya wazazi bwalo lilijaa. Mvua ilituonea huruma. Mama Lugano na kikundi chake walikaa mbele kabisa, sare za kikundi, masikio yamefunguka. Mkuu wa shule alikaa pembeni mwao na wageni. Mama Atupele alikaa alipoahidi, karibu na mlango. Kabla ya kuanza nilimpitia.

"Umekuja kumwona mwanao?"

"Nimekuja kusikia," akasema.

Msiba ukaanza. Lusajo alilala chini ya shuka kama mtu aliyeamua. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja, mikono kichwani, wakaketi, na bwalo zima halikutoa sauti isipokuwa ungo wa Atupele. Mpunga unapanda, mpunga unashuka. Akasimama. Pumzi ikapanda. Mdomo ukafunguka, mkono ukaja ukaufunga. Akarudi kwenye ungo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, kwa sababu wazazi hucheka wasipoelewa. Hakuna aliyecheka. Nikaanza kusikia viti vikisogea. Mama mmoja wa kikundi akanong'ona, "Mbona wamemwacha hivyo?" Mwingine akasema, "Mfiwa anapepeta mwenyewe? Wenzake wako wapi?" Atupele akasimama tena, mdomo ukafunguka tena, na safari hii mkono haukuja. Alibaki hivyo, wazi, hakuna kinachotoka, anatutazama.

Mama Lugano alisimama. Nilidhani anakuja kunishtaki. Akashika kichwa kwa mikono miwili na akalia, kile kilio chenyewe, cha kuvuka mashamba. Kikundi chote kikapokea. Halafu wazazi wa nyuma. Bati la bwalo likarudisha sauti kama mvua ya Aprili.

Mkuu wa shule aliruka. "Mwalimu Sekela! Nani analia? Nani?"

"Hesabu jukwaani, Mkuu."

Akatazama. Midomo wazi, sauti hakuna.

"Hesabu tena," nikamwambia.

Akahesabu tena, kwa uaminifu kabisa, kama anayesoma kipimajoto. Kisha akaketi. "Wazazi siwezi kuwafunga," akasema, na hilo ndilo lilikuwa tamko lote la ofisi kuhusu jambo lile.

Mchezo ulisimama kwa muda, kwa sababu waombolezaji walikuwa wamepanda jukwaani. Mmoja alimnyang'anya Atupele ungo akaanza kupepeta yeye, wawili wakamshika mabega. Lusajo, nampa haki yake, hakufungua hata jicho. Na nje, watu waliokuwa wanapita barabarani walikuwa wameanza kuingia getini, wanalia, mmoja na kuku. Ilibidi Mama Lugano mwenyewe atoke akawaeleze kwamba hakuna aliyekufa. Nilimsikia akijieleza pale getini, na maelezo yake hayakupokelewa vizuri kuliko yangu yalivyopokelewa.

Aliporudi, macho mekundu, alinipita karibu.

"Umetudhulumu, mwalimu."

"Makubaliano yamevunjwa na nani, mama?"

"Na sisi." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Lakini mtu haachwi vile."

Ugomvi wa shamba la kakao uliendelea baadaye, na wazee wawili walitoa hukumu kutoka kwenye viti vyao kabla jaji wetu hajavaa kofia. Hilo mtalizoea.

Watu walipoanza kutoka nikaenda mlangoni. Mama Atupele alikuwa bado amekaa. Alikuwa amelia, na hakujishughulisha kuficha. Atupele alikuja akasimama kati yetu, ngozi yote vumbi la mpunga, akimtazama mama yake, akisubiri kuambiwa avue mavazi ya mchezo waondoke.

"Hajasema neno hata moja," mama yake akaniambia.

"Hata moja."

"Na watu wazima wamelia." Alimtazama binti yake toka juu mpaka chini, jinsi anavyotazamwa mzigo kabla ya kuvushwa. "Kule mpakani nahitaji mtu wa kupiga kelele, mwalimu. Huyu ataniharibia biashara. Baki naye mpaka amalize."

Nilikubali palepale, bila kuomba punguzo.